Ionesco, Monty Python au Abunuwasi: uanzie wapi na vichekesho vya ubwege?

Mwaka tulioanzisha kikundi chetu cha maigizo, vijana waliomba tufanye "kitu cha ajabu". Nikakubali. Tukamvika mmoja sufuria kichwani, wa pili akawa daktari anayetibu kwa kubweka, wa tatu akaogelea sakafuni huku anauza karanga. Tulifanya mazoezi wiki tatu. Siku ya onyesho ukumbi ulikaa kimya tangu mwanzo hadi mwisho, isipokuwa mtoto mmoja wa mbele aliyecheka sufuria ilipodondoka.

Kimya kile ndicho kilichonifundisha. Nilianza kuwatazama waliofaulu, wa Paris na wa London, kisha nikawarudia wa kwetu, nikaona wote wana mwendo mmoja. Wanachukua kanuni ambayo kila mtu anaifuata bila kuiwaza, wanaipinda kidogo, halafu wanaishika ile iliyopinda kwa uaminifu mpaka mwisho. Sisi tulipinda kila kitu kwa mpigo mmoja, hadhira ikakosa pa kushika.

Kwa hiyo ukitaka kuchagua cha kuigiza, cha kutazama au cha kujifunzia, usianze na swali la kipi kinachekesha zaidi. Jiulize watu wako wanaijua kanuni gani vizuri kiasi kwamba ikipindwa wataona papo hapo.

Kuhusu jina: wataalamu wa fasihi ya Kiswahili huita kazi za namna hii za ubwege. Silipendi sana neno hilo, kwa sababu mtaani bwege ni mtu asiyejielewa na waandishi hawa walijielewa mno, lakini ndilo lililoshika. Lina ndugu yake, usurealia, ambao mshairi Mfaransa André Breton aliutangazia ilani mjini Paris mwaka 1924. Usurealia huchota kwenye ndoto: vitu visivyojuana vinawekwa pamoja na picha inakuganda kichwani kama njozi. Ubwege huchota kwenye mantiki na mazungumzo ya watu walio macho kabisa. Ionesco, mwandishi wa tamthilia, yuko zaidi upande wa ubwege. Monty Python, kikundi cha wachekeshaji wa London, wana mguu mmoja kila upande.

Paris, 1950: maneno yanayojiendea yenyewe

Eugène Ionesco alizaliwa Romania mwaka 1909, akaishi na kuandikia Ufaransa. Alipotaka kujifunza Kiingereza alichukua kitabu cha kujifundishia cha Assimil, akawa ananakili sentensi zake. Kitabu kikamweleza kwamba wiki ina siku saba, kwamba sakafu iko chini na dari iko juu. Ni kweli tupu, ila watu wanaambiana mambo ambayo kila mmoja wao anayajua tayari. Hapo ikazaliwa tamthilia yake ya kwanza, *La Cantatrice chauve*, yaani mwimbaji mwenye kipara. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 11 Mei 1950 katika ukumbi wa Noctambules, ikiongozwa na Nicolas Bataille. Jina lenyewe lilitokana na ulimi kuteleza mazoezini: mwigizaji alitakiwa kumtaja mwalimu wa kike mwenye nywele za rangi ya dhahabu, akatamka mwimbaji mwenye kipara, na Ionesco akalishika hapohapo. Mwimbaji huyo haonekani hata mara moja. Mkuu wa Zimamoto, akiwa anaaga, anamuulizia. Chumba kizima kinanyamaza. Kisha anajibiwa kwamba bado anachana nywele zake vilevile.

Ninawashauri watu wetu waanzie hapa kwa sababu ya salamu. Habari za nyumbani? Nzuri. Za watoto? Nzuri. Za tangu juzi? Nzuri tu. Halafu baada ya nzuri zote hizo mtu anavuta pumzi na kusema, "Ila mama tumemzika Jumanne." Hajadanganya. Anafuata kanuni ya salamu, na kanuni inataka nzuri zitangulie. Naipenda desturi hii, ina heshima kubwa ndani yake. Lakini irefushe kidogo jukwaani, uone mtu wa Mombasa au Morogoro atakavyokuelewa kabla hujafika salamu ya nne. Ionesco anaichukua kanuni hiyohiyo, ya maneno yanayotamkwa kwa sababu ni zamu yake kutamkwa, na kuijengea nyumba.

Angalia Bwana na Bibi Martin. Wameketi, wanatazamana kwa haya. Samahani bibi, kama sikosei nimewahi kukuona mahali. Wote wametoka Manchester. Wote walipanda treni ileile, behewa lilelile. Wanakaa mtaa mmoja, nyumba moja, chumba kimoja, kitanda kimoja, na kila jambo linapogunduliwa wanashangaa upya kwa adabu ileile. Mwisho wanafikia uamuzi kwamba lazima wawe mume na mke, wanakumbatiana na kusinzia. Ndipo Mary, mtumishi wa nyumba, anaponyata mbele na kutuambia sisi watazamaji kwamba wamekosea. Ushahidi wao wa mwisho ulikuwa binti mwenye jicho moja jeupe na moja jekundu. Lakini jicho jekundu la binti wa bwana ni la kushoto, na la binti wa bibi ni la kulia.

Tulifanya zoezi la kufuata mwendo huo kwa maneno yetu wenyewe, basi la Korogwe likachukua nafasi ya treni. Kicheko kilianzia kwenye namba ya kiti. Hakuna aliyevaa sufuria, hakuna aliyebweka. Ni watu wawili wenye adabu wanaoulizana walikotoka.

Kuna sehemu moja ilitusumbua, nayo ni saa. Tamthilia inafunguka na saa ya ukutani ikigonga mara kumi na saba, kisha Bibi Smith anasema kwamba ni saa tisa kwa hesabu ya Wazungu. Kwetu hiyo ni saa tatu. Sisi tayari tunatazama mshale ulio kwenye tisa, tunasema tatu, na hakuna anayeona ajabu. Nilijaribu yote mawili na vijana, tatu na tisa, na sikuona tofauti yoyote kwenye nyuso za wasikilizaji. Kilichofanya kazi ni kugonga kwa taratibu. Mpaka mlio wa kumi na mbili watu wanahesabu kimoyomoyo. Wa kumi na tatu ukilia wanatazamana. Wa kumi na tano hawajizuii tena. Kanuni waliyoijua ilikuwa kwamba saa haipiti kumi na mbili.

Kwa gharama, kazi hii ni rafiki wa kikundi maskini: wahusika sita, sebule moja, muda wa kama saa nzima. Ugumu wake uko mwishoni, pale mazungumzo yanapovunjikavunjika mpaka kubaki silabi na herufi zinazorushwa kwa hasira. Hapo Ionesco anacheza na milio ya Kifaransa, na mfasiri asipokuwa na sikio la mashairi sehemu hiyo inageuka kelele tupu. Pia kumbuka Ionesco alifariki mwaka 1994, kwa hiyo kazi zake bado zina haki miliki. Kufanyia mazoezi mwendo wake hakukatazwi, ila kuionyesha tamthilia yenyewe kunahitaji kibali.

Tangu 1957 tamthilia hii imekuwa ikionyeshwa katika ukumbi mdogo wa Huchette, Paris, pamoja na nyingine ya Ionesco iitwayo *La Leçon*, kizazi kwa kizazi cha waigizaji. Inaonyesha kwamba kanuni aliyoipinda bado ipo majumbani mwa watu.

London, 1969: ofisi, duka na serikali

Kipindi cha *Monty Python's Flying Circus* kilianza kurushwa na televisheni ya BBC tarehe 5 Oktoba 1969 na kumalizika 1974, jumla ya vipindi 45. Walikuwa sita: Graham Chapman, John Cleese, Eric Idle, Terry Jones, Michael Palin, na Mmarekani mmoja, Terry Gilliam, aliyechora na kukata picha za kuunganishia vipande. Mguu mkubwa unaoshuka kutoka juu na kuponda kila kitu ni wake. Aliukata kwenye mchoro wa Bronzino, mchoraji wa Italia wa karne ya 16. Huo ndio upande wao wa usurealia, ni wa macho zaidi kuliko wa maneno.

Mageuzi yao makubwa yalikuwa kulitupa neno la kufungia. Kichekesho cha kawaida kinapanda ngazi kuelekea sentensi moja ya mwisho inayowaangusha watu kwa kicheko. Mchekeshaji Spike Milligan alikuwa ameanza kuiacha njia hiyo miezi michache kabla yao, nao wakaifanya desturi. Kipande kikichoka, askari jeshi mwenye cheo anaingia na kuamuru kikomeshwe kwa sababu kimezidi upuuzi, au uzito wa tani 16 unamwangukia mtu. Kwa anayetengeneza video fupi za simu, somo hili ni la thamani kubwa. Wengi huharibu dakika mbili nzuri kwa kulazimisha mwisho.

Kipande cha kuanza nacho ni cha kasuku. Mteja anarudi dukani na kasuku aliyemnunua muda usiofika nusu saa uliopita, amekufa. Muuzaji anasema amepumzika. Mteja anampigapiga ndege mezani, muuzaji anasema amezimia kwa mshtuko, anawaza kwao Norwei. Inagundulika kwamba alikuwa amesimama kwenye kijiti kwa sababu alipigiliwa misumari. Yeyote aliyewahi kusimama chini ya kibao cha "Mali ikishauzwa hairudishwi" anaijua kanuni inayopindwa hapa bila kufundishwa: muuzaji hakubali kosa.

Kiswahili kinakipa kipande hiki kitu ambacho Kiingereza hakina. Mteja wa Cleese anamwaga mlolongo wa maneno ya kifo, moja juu ya jingine. Sisi tuna kufariki, kuaga dunia, kukata roho, kufumba macho, kututoka, kutangulia mbele ya haki. Lakini kwetu maneno hayo ni ya binadamu, mnyama hufa basi. Kijana wetu alipomnyanyua kasuku wa kitambaa na kusema kwa sauti ya mtangazaji wa vifo, "Kasuku huyu ametangulia mbele ya haki," watu waliinama vitini. Na mwenzake alipojibu kwa utulivu, "Amejipumzisha," ikabaki sentensi moja tu kuhitimisha hoja: "Huyu si kasuku tena, ni mzoga." Mzoga. Neno hilo moja lilirudisha mpaka kati ya mtu na mnyama ambao tulikuwa tumeupinda kwa dakika nne.

Kingine ni cha Wizara ya Miondoko ya Kipuuzi, cha Septemba 1970. Mwananchi anaenda wizarani kuomba ruzuku ya kuendeleza mwendo wake. Afisa anamwambia kwa upole kwamba mwendo wake hauna upuuzi wa kutosha. Kipande hiki hakihitaji Kiingereza hata kidogo: miguu mirefu ya Cleese na sura yake kavu zinatosha, na kila aliyewahi kujaza fomu ya kuomba fedha anakamilisha mwenyewe. Ninawaonyesha waigizaji wapya kipande hiki kabla ya kingine chochote, ili waone kwamba afisa hacheki, hakonyezi jicho, anaamini wizara yake.

Kwa sisi wa pwani kuna zawadi nyingine katika filamu yao ya 1975 kuhusu Mfalme Arthur. Fedha za farasi hazikuwepo. Basi mfalme anakuja anarukaruka kwa miguu yake mwenyewe, nyuma yake mtumishi anagonganisha vifuu viwili kutoa mlio wa kwato. Wangeweza kuuficha umaskini huo kwa kukata picha. Badala yake mlinzi wa ngome anakiona kifuu na kuuliza nazi imefikaje Uingereza, ubishi unaanza, unaingia mpaka kwenye uwezo wa mbayuwayu kubeba nazi, na mfalme anasahauliwa. Nilipoitazama na watu wa Tanga walicheka mara mbili: kwanza kwa sababu ya vifuu, kisha kwa sababu ya watu wazima wanaoshangaa nazi.

Ila Monty Python wana vipingamizi vyao. Vipande vingi vinategemea kuwajua watangazaji wa BBC, mabwana wa tabaka la juu na wanasiasa wa Uingereza wa wakati ule. Bila hayo utabaki kuuliza. Kuna vingine vyenye uchi na vyenye dhihaka za mataifa ambazo leo zinaumiza, kwa hiyo usiwaachie watoto kipindi kizima bila kukitazama kwanza. Na filamu yao ya 1979, *Life of Brian*, inagusa dini kiasi kwamba Norwei na Ayalandi ziliipiga marufuku kwa muda. Ukiwa na hadhira ya Waislamu na Wakristo waliokaa pamoja kwa amani, usiichague ya kuanzia.

Kuna maneno unayoyatumia kila siku, huenda hujui yametoka kwao. Lugha ya kompyuta ya Python ilipewa jina lao na mwanzilishi wake, Guido van Rossum. Na barua taka za mtandaoni huitwa spam kwa sababu ya kipande chao cha mgahawa ambao kila chakula kina nyama ya kopo, utake usitake.

Wengine wawili, kwa kifupi

Lewis Carroll na Alice wake wa 1865 ndiye babu wa wote hawa, na kuna tafsiri ya Kiswahili ya mwaka 1940, *Elisi Katika Nchi ya Ajabu*. Ni kitabu kizuri kwa mtoto. Kwa jukwaa simpendekezi kwanza, kwa sababu kanuni anayoipinda mara nyingi ni sauti ya Kiingereza chenyewe. Panya anapoanza kusimulia, hadithi na mkia vinatamkwa sawa kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili hadithi ni hadithi na mkia ni mkia.

Daniil Kharms, mwandishi wa Leningrad katika Muungano wa Kisovieti wa Stalin, anastahili msomaji mtulivu. Moja ya maandishi yake ya 1937 ni ya aya moja tu. Kulikuwa na mtu mwenye nywele nyekundu, hakuwa na macho wala masikio. Hakuwa na nywele pia, aliitwa hivyo kwa desturi tu. Hakuwa na mdomo, pua, mikono, miguu wala tumbo. Hatujui basi tunamzungumzia nani, heri tusimzungumzie tena. Ukikumbuka ni mwaka gani na ni nchi gani watu walikuwa wakitoweka na majirani wakaacha kuwataja, hutacheka kwa sauti. Kharms mwenyewe alikamatwa mwaka 1941 na kufariki 1942 akiwa kifungoni katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Mchukue kwa kusoma peke yako usiku.

Na wa kwetu

Nilichelewa kumweka Abunuwasi kwenye mizani hii, na najutia. Anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kijisufuria ndani: imezaa. Jirani anafurahi, anapokea vyote. Anaazima tena, safari hii hairudishi: imekufa. Sufuria inakufaje? Mbona ulikubali kwamba inazaa? Mwendo ni uleule wa kanuni moja iliyopindwa na kufuatwa mpaka mwisho, na mauti ya sufuria hayako mbali na mauti ya kasuku.

Tofauti ni moja, na ni ya maana kwa anayechagua. Hadithi ya Abunuwasi ina mshindi na ina funzo: tamaa imemponza jirani. Ionesco na Monty Python hawana mshindi wala funzo. Sisi tumelelewa shuleni na swali la "hadithi hii inatufundisha nini?", na nimeona ukumbi mzima ukikosa raha kwa sababu swali hilo halikujibiwa. Hadhira ya wazee na wazazi, wape Abunuwasi kwanza. Vijana waliokulia kwenye video za simu hawalidai tena.

Kwa anayetaka tamthilia iliyoandikwa kwa Kiswahili moja kwa moja, ipo *Amezidi* ya Said Ahmed Mohamed, ya 1995. Wahusika wake wakuu ni Ame na Zidi. Unganisha majina uone. Kicheko chake ni kichungu kuliko vyote nilivyovitaja, na kinadai waigizaji waliokomaa.

Mimi ningechagua hivi

Kikundi kipya cha shule au mtaa, kisicho na fedha: jifunzeni mwendo wa akina Martin, mtunge wenu, kwa basi lenu na mtaa wenu. Dakika kumi, viti viwili. Utawajua waigizaji wako ndani ya zoezi hilo moja, maana asiyeweza kushangaa kwa dhati mara ya tisa hataweza ubwege wowote.

Mtengeneza video wa peke yake: kasuku na wizara, mara tatu tatu, mara ya tatu ukiwa umezima sauti. Kisha tafuta kanuni ya dukani au ofisini unakokwenda kila wiki.

Mtazamaji anayetaka jioni moja ya kucheka na familia kubwa: filamu ya vifuu, baada ya kuitazama mwenyewe, maana ina damu ya kuigiza na maneno machache ya watu wazima.

Na mwenye watoto wadogo hahitaji kutoka nje ya nyumba. Paukwa! Pakawa! Kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa. Mwanangu mwana Siti, kijino kama chikichi, cha kujengea kikuta na vilango vya kupita. Jino dogo kama kokwa ya mchikichi, na ukuta unajengwa kwa jino hilo, na ukuta una milango. Wakishaitika, waulize ni milango mingapi, na nani anapita.